Zile modeli za atomu za mipira nani alizibuni? Na kwanini kaboni nyeusi, oksijeni nyekundu?

MwalimuKemia_F3

Habari za jioni wakuu. Nina swali limenikaa kichwani tangu wiki iliyopita, naombeni mnisaidie.

Mimi nafundisha kemia kidato cha tatu na cha nne, shule yetu ya kawaida tu, maabara ipo ila vifaa ndo kama mnavyojua. Sasa tulipofika kemia ya kaboni nikaona nisiwachoreshe watoto ubaoni tu, nikaambia kila kundi lije na udongo wa mfinyanzi na mimi nikanunua vijiti vya meno pakiti mbili. Tukaviringisha madonge, kaboni tukaipaka masizi ya mkaa, haidrojeni tukaipaka chokaa, oksijeni tukatafuta udongo mwekundu ule wa kichuguu. Methane ikasimama mezani, miguu mitatu chini mmoja juu, watoto wakafurahi yani darasa lile sijaliona hivyo tangu mwaka uanze.

Alafu kuna binti anakaa nyuma, huwa haongei kabisa, akaichukua ile methane akaizungusha zungusha mkononi akauliza mambo mawili. La kwanza, "Mwalimu, kaboni ni nyeusi kweli? Mbona sukari ina kaboni na ni nyeupe?" La pili ndo lililonimaliza: "Na hiki kijiti, kwenye molekuli yenyewe kiko wapi?"

La rangi nikamjibu kwamba ni makubaliano tu, atomu moja moja haina rangi. La kijiti nikamwambia kijiti ni bondi, ni elektroni ambazo atomu mbili zinashirikiana. Akaitikia "sawa mwalimu" lakini uso ulionyesha hajaridhika, na mimi mwenyewe nilivyorudi nyumbani nikaona sijajiridhisha.

Kwahiyo naomba kujua, hizi rangi alianzisha nani? Na je kuna mtu aliyewahi kutengeneza modeli zisizokuwa na vijiti, zenye umbo linalokaribiana na molekuli yenyewe? Kwenye programu moja ya kompyuta nimeona pameandikwa CPK ila sijui hizo herufi zinasimama badala ya nini. Nataka nimrudie yule binti na jibu lililoshiba.

Kaskazi77

Heshima kwako mwalimu, umefanya jambo zuri sana. Mimi nitajibu la rangi tu, hilo lingine wapo watakaolijua zaidi.

Rangi zimetoka mbali. Kuna mkemia Mjerumani August Wilhelm von Hofmann, alikuwa anafundisha London, tarehe 7 Aprili 1865 alitoa mhadhara Ijumaa usiku pale Royal Institution kuhusu nguvu ya atomu kuungana. Wasikilizaji wengi hawakuwa wakemia. Sasa kipindi kile Waingereza walikuwa wanacheza sana krokei, ule mchezo wa kugonga mipira ya mbao kwa nyundo ndefu kwenye majani, na ile mipira inapakwa rangi ili kila mchezaji ajue wake. Hofmann akaichukua mipira ya aina hiyo, akatoboa, akachomeka vijiti vya chuma. Kaboni nyeusi, haidrojeni nyeupe, naitrojeni bluu, oksijeni nyekundu, klorini kijani. Ndo hizohizo ulizopaka wewe kwa masizi na chokaa miaka zaidi ya 150 baadaye.

Ila modeli zake zilikuwa na kasoro moja kubwa, zilikuwa bapa. Mikono minne ya kaboni yote imelala kama msalaba mezani. Ilibidi ifike 1874 ndo van 't Hoff, Mholanzi, na Le Bel, Mfaransa, kila mtu kivyake, waseme kwamba mikono ya kaboni inaelekea pembe nne za piramidi. Van 't Hoff alikuwa anakata karatasi ngumu anakunja vipiramidi vidogo anawatumia wenzake ili waamini. Kwahiyo ile methane yako ya miguu mitatu chini mmoja juu ni ya van 't Hoff, rangi ndo za Hofmann.

Juma_wa_Chuo

CPK ni Pauling yule mwenye Nobel mbili. Alibuni zile mipira kubwa za kujaza nafasi. P ni Pauling.

BiMaabara

Juma ndugu yangu P ni Pauling kweli, lakini naomba nikurekebishe kidogo, maana huyu mtu wa herufi ya kwanza husahaulika kila mara na mimi inaniuma. Nimekuwa fundi wa maabara chuoni miaka mingi, hizi modeli nimezishika kwa mikono yangu, na stori yake naipenda, kwahiyo mnivumilie itakuwa ndefu.

C ni Corey. Robert Brainard Corey, Mmarekani, kazaliwa 1897 kule Springfield, Massachusetts. Utotoni alipata polio ikamwacha na mkono wa kushoto uliopooza, anachechemea, na afya dhaifu maisha yake yote. Akasoma kemia Pittsburgh, akachukua udaktari Cornell mwaka 1924, na mwanzoni wala hakuwa mtu wa protini, alikuwa mkemia wa madini na chumvi chumvi. Mwaka 1928 akaenda taasisi ya Rockefeller pale New York kufanya kazi na Ralph Wyckoff, huko ndo akaiva kwenye kupiga fuwele picha za eksirei ili kujua atomu zimekaaje ndani yake. Mwaka 1937 akahamia Caltech, Pasadena, California, kwa Linus Pauling, na hakutoka tena.

Sasa wale wawili walikuwa kama mchana na usiku. Pauling mzungumzaji, anapenda jukwaa, wazo likimjia analisema palepale. Corey mpole, mwenye haya, anapima anarudia anapima tena. Pauling alikuwa na hamu ya kujua protini imejikunjaje, lakini protini ni kubwa mno, ina maelfu ya atomu, kwa vifaa vya wakati ule hapakuwa na wa kuisoma moja kwa moja. Wakakubaliana waanzie chini kabisa: wapime vipande vidogo vinavyoijenga protini, kipande kimoja kimoja, mpaka wajue kila bondi ina urefu gani na kila pembe ina digrii ngapi, alafu ndo waijenge protini kwa vipimo hivyo.

Na hiyo kazi ya kupima ndo ilimwangukia Corey. Mwaka 1938 akatoa muundo wa kitu kinaitwa daiketopiperazini, ambacho ni amino asidi mbili (amino asidi ndo vile vipande vinavyoijenga protini) zimeshikana kwa duara. Mwaka 1939 yeye na Gustav Albrecht wakatoa glaisini, amino asidi ndogo kuliko zote. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa na muundo sahihi wa amino asidi hata moja! Na msidhani kulikuwa na kompyuta. Unapiga fuwele kwa eksirei, unapata filamu ina madoa mamia, unakaa unakadiria kwa jicho doa hili lina weusi kiasi gani kuliko lile, alafu unaanza kujumlisha sini na kosini kwa penseli, mamia ya mafungu, muundo mmoja unaweza kula miezi na miezi.

Kwenye hizo namba ndo kukatoka kitu kikubwa. Bondi ya kaboni na naitrojeni ya kawaida ina urefu wa karibu angstromu 1.47 (angstromu ni milimita moja ukiigawa mara milioni kumi). Lakini ile inayounganisha amino asidi na jirani yake ilitoka fupi, kama 1.33 hivi. Ufupi huo maana yake ile bondi iko katikati ya bondi moja na bondi mbili, haizunguki, kwahiyo atomu sita zinazoizunguka zinalala bapa kama kipande cha bati. Kwa maneno mengine mnyororo wa protini ni vipande vya bati vilivyounganishwa kwa bawaba, unaweza kukunja kwenye bawaba tu, katikati ya bati haukunjiki.

Ngoja nipumzike nitaendelea na modeli zenyewe.

Mwanahawa_K

Endelea dada, tupo tunasoma. Mimi sijasoma kemia tangu kidato cha pili lakini hiyo ya bati na bawaba nimeielewa.

BiMaabara

Asante Mwanahawa.

Haya. Mwaka 1948 Pauling yuko Oxford kama profesa mgeni, akashikwa na mafua makali akalazwa kitandani, akachoka kusoma riwaya, akachukua karatasi akachora mnyororo wa protini kwa vipimo vile anavyovikumbuka, akaanza kukunja kwenye bawaba tu, bati akaliacha bapa. Karatasi ikajiviringisha ikawa msokoto, na haidrojeni ya kipande kimoja ikaangalia oksijeni ya kipande cha mzunguko unaofuata, sawasawa kabisa, wakaweza kushikana. Huo ndo msokoto wa alfa. Mzunguko mmoja una amino asidi 3.6, si 3 wala 4. Wenzao wa Cambridge, Bragg na Kendrew na Perutz, walikuwa wamekwama kwa sababu walilazimisha iwe namba kamili na hawakushika lile la bati bapa.

Lakini Pauling hakuchapisha haraka. Kulikuwa na namba moja haikai: msokoto wake unapanda angstromu 5.4 kwa mzunguko, picha za eksirei za nywele na kucha, ambazo nazo ni protini, zinaonyesha 5.1. Miaka miwili na zaidi Corey na wenzake wanahakiki vipimo. Wakachapisha 1951, na walioandika ni watatu: Pauling, Corey na Herman Branson. Ile tofauti ya 5.1 ilikuja kueleweka baadaye, ni kwa vile ndani ya unywele misokoto yenyewe inasokotana kama kamba. Na Perutz alipoisoma ile makala akakimbilia maabara akapiga eksirei unywele wa farasi, akalikuta doa la angstromu 1.5 ambalo msokoto wa alfa ulikuwa unalidai, yani 5.4 ukigawa kwa 3.6, kimo cha amino asidi moja.

Sasa mwalimu jibu la binti yako liko hapa. Walipokuwa wanajenga misokoto hii, modeli za mipira na vijiti ziliwapa shida, maana kijiti kinaacha nafasi tupu ambayo kwenye molekuli haipo. Kwenye modeli ya vijiti unaweza kupitisha mnyororo mahali ambapo kwa ukweli atomu zingegongana. Kwahiyo Corey akabuni modeli ambazo kila atomu ina unene wake wa kweli, na mwaka 1953 yeye na Pauling wakazitangaza kwenye jarida la vyombo vya kisayansi. Za kwanza za mbao ngumu, skeli ni inchi moja kwa angstromu moja. Hesabu uone, hiyo ni kukuza mara milioni 254! Kaboni inatoka na kipenyo cha inchi 3 na kitu, sawa na chungwa kubwa. Na nyingine wakatengeneza za plastiki laini kama mpira, skeli nusu inchi, zinabanana kwa vifungo kama vya nguo.

Na kijiti hamna. Mpira umekatwa ubavuni. Kaboni mbili kila moja ina nusu kipenyo cha angstromu 1.7 hivi, lakini zikishikana vitovu vyake vinakaa umbali wa 1.54 tu, maana yake zimeingiliana. Kwahiyo unakata kila mpira umbali wa 0.77 toka kwenye kitovu, unabandika bapa kwa bapa. Mwambie yule binti bondi ni pale ambapo mipira miwili imeingiliana, kijiti tuliweka sisi ili tuone ndani.

K ni Walter Koltun, alizifanyia maboresho, akabuni kiungio kipya na plastiki ngumu, akapata hataza yake 1965. Ndo zikaenea vyuoni dunia nzima. Rangi ni zilezile alizotaja Kaskazi77, na salfa njano.

FundiKereza

Mimi ni fundi seremala, kemia siijui ila hapo kwenye mbao nimesimama. Dada umesema mbao ngumu, mpira, umekatwa ubavuni kwa kipimo. Watu wanaweza kupita hapo haraka ila mimi nawaambia hiyo ni kazi ya kichwa.

Kukereza mguu wa meza au mchi ni rahisi kwa sababu mashine yenyewe inazungusha mti, wewe unasogeza patasi tu. Tufe ni jambo jingine. Ukikereza tufe kila mara linakuwa yai, lazima ulitoe ulizungushe ulirudishe kwa ubavu mwingine, unakata kidogo unapima, unakata kidogo unapima. Alafu ukishapata tufe ndo unaambiwa likate sehemu nne, na zile sura nne ziwe pembe sawa zote, mnasema ni digrii ngapi?

BiMaabara

109 na nusu fundi, kwa kaboni ya mikono minne. Na kaboni ya bapa ni 120 hivi, hiyo inakatwa sehemu tatu.

FundiKereza

109 na nusu. Sasa ukikosea digrii moja kwenye mpira mmoja haionekani, lakini ukiunga mipira hamsini kosa linajumlika, mwisho wa mnyororo upo mahali pengine kabisa. Nimewahi kutengeneza ngazi ya kuzunguka kwenye nyumba ya ghorofa, kila kipandio kilikosewa kidogo sana, hata milimita mbili hazifiki, nilipofika juu kipandio cha mwisho kilipishana na sakafu kwa upana wa kiganja, ikabidi nibomoe yote. Kwahiyo huyo Corey na mafundi wake nawapa heshima, hii kitu walipima.

Na mbao ngumu ni sawa, ukitumia mbao laini sura ulizokata zinabonyea kwenye kona ukiunga na kufungua mara nyingi. Mwalimu ukitaka nikutengenezee seti ndogo ya mninga, kaboni kumi na haidrojeni ishirini, tuwasiliane pembeni, gharama itakuwa ya mbao tu.

Juma_wa_Chuo

BiMaabara nashukuru kwa kunirekebisha, kweli chuoni tuliambiwa Pauling tu. Ila swali, kama Corey alikuwa makini hivyo ilikuwaje wakakosea kwenye DNA? Maana najua Pauling alitoa DNA ya nyuzi tatu ikaonekana ni kosa.

BiMaabara

Ni kweli Juma na jina la Corey lipo kwenye ile makala, Februari 1953. Nyuzi tatu, fosfati zimewekwa katikati, wakati fosfati zina chaji zinasukumana, haziwezi kukaa zimerundikana hivyo. Miezi miwili baadaye Watson na Crick wakatoa ya nyuzi mbili.

Mimi ninavyoona kosa halikuwa la vipimo vya atomu moja moja. Pauling alikuwa na haraka na picha walizokuwa nazo za DNA zilikuwa dhaifu, hazikuwa na ubora wa zile za Rosalind Franklin kule London. Protini waliipa zaidi ya miaka kumi kuanzia kipande kidogo kabisa, DNA waliipa miezi. Na hata kwenye hiyo DNA Corey ndo alikaa kuhesabu mahali pa kila atomu, na hesabu zikaonyesha atomu zimebanana kupita kiasi katikati, wakajaribu kuzisogeza badala ya kulitupa wazo lenyewe. Inasikitisha kwa sababu namba zilikuwa zinawaambia.

Kaskazi77

Naomba niongezee mtu mmoja aliyetajwa kwa kupita, Herman Branson, yule wa tatu kwenye makala ya 1951. Alikuwa Mmarekani mweusi, mwanafizikia, profesa Howard University, alikwenda Caltech kwa mapumziko ya utafiti na Pauling akampa kazi ya kutafuta kwa hesabu misokoto yote inayowezekana kwa mnyororo wa bati bapa. Akapata miwili, wa alfa na wa gama. Baadaye kabisa, 1984, aliandika barua akisema mchango wake ulikuwa mkubwa kuliko ulivyosimuliwa. Aliishia kuwa rais wa Lincoln University kule Pennsylvania mpaka 1985, chuo hichohicho alichosoma Kwame Nkrumah miaka ya 1930. Naona wanafunzi wetu wanastahili kulijua jina lake, mwalimu liandike ubaoni tafadhali.

Saumu_Mkoma

Nimesoma uzi wote kimyakimya ila nimefika kwenye polio nikashindwa kunyamaza.

Mimi nilipata polio nikiwa na miaka mitatu, mguu wa kulia. Nilipenda kemia tangu shule ya msingi, mjomba wangu alikuwa anatengeneza sabuni nyumbani, mimi ndo mkorogaji. Kidato cha tatu shule niliyokuwepo mwalimu wa somo aliniambia mbele ya wenzangu nichague masomo ya sanaa, maabara ni mahali pa kusimama muda mrefu na kubeba vitu, mimi nitakuja kumwagikiwa na asidi. Hakuwa mtu mbaya, alidhani ananisaidia. Nikahama. Leo mimi ni mhasibu na sina njaa, namshukuru Mungu, lakini ile siku sijaisahau, nilikuwa nimeshika kopo la sampuli la shaba salfeti, rangi ile ya bluu, nikalirudisha kwenye rafu nikatoka.

Miaka yote hii hakuna mtu aliyeniambia kwamba hizi modeli za mipira walizonionyesha darasani zimebuniwa na mtu mwenye mkono uliopooza. Naomba mwalimu uwaambie watoto hilo kabla hujawaambia habari ya rangi.

MwalimuKemia_F3

Dada Saumu, nimesoma ujumbe wako mara mbili. Pole sana. Nitawaambia, na nitaanza na hilo.

BiMaabara

Saumu mpenzi wangu pole. Na kwa kuwa umetaja shaba salfeti nikupe stori ambayo nadhani imekungoja wewe.

Kulikuwa na mwanasayansi wa fuwele Mwingereza, Arnold Beevers. Yeye na mwenzake Henry Lipson walisoma muundo wa fuwele za shaba salfeti, hizohizo za bluu, mwaka 1934. Hesabu ziliwachosha kiasi kwamba wakabuni vipande vya kadi ngumu vilivyochapwa sini na kosini tayari, vimepangwa kwenye sanduku, unachomoa kipande unachotaka unajumlisha. Maabara za dunia nzima zilinunua yale masanduku, ndo ilikuwa kompyuta yao.

Baadaye Beevers akiwa Chuo Kikuu cha Edinburgh, miaka ya 1960, akaanzisha karakana ya kutengeneza modeli ndogo za molekuli na fuwele, na akaianzisha makusudi ili watu wenye ulemavu wapate kazi. Mipira midogo ya plastiki, kila mmoja unatobolewa matundu kwa pembe kamili, unaungwa kwa vijiti vyembamba vya chuma kisichoshika kutu. Kwahiyo walimu na maprofesa wengi walifundishia modeli zilizotobolewa na watu ambao wenzao walikuwa wanawaambia hiyo kazi hawaiwezi.

Teknolojia_Bora

Stori nzuri sana hizi, ila mwalimu kwa ushauri wangu siku hizi kuna programu za bure kwenye simu, mtoto anaizungusha molekuli kwa kidole, ya mbao ya nini tena? Mbao utatengeneza methane, programu inakupa hemoglobini nzima.

BiMaabara

Programu nazitumia na nazipenda, na zenyewe ukibonyeza kile kitufe cha CPK inakupa mipira ya Corey na rangi za Hofmann, kwahiyo tupo pamoja. Lakini kwenye kioo atomu mbili zinaweza kupita katikati ya nyingine na hakuna kinachokuzuia. Ukiwa umeshika modeli ya mbao ukajaribu kukunja mnyororo mahali usipokunjika, mbao inagonga mbao, mkono wako unakataa wenyewe. Corey alitaka hicho kitu, modeli ikukataze. Mwanafunzi akishazuiwa mara tatu anajua kwanini protini imejikunja hivi na sio vile, wala huhitaji kumhubiria.

Pia ngoja nimalizie habari ya Corey maana nimeiacha njiani. Nobel ya kemia ya 1954 alipewa Pauling peke yake. Corey aliendelea na kazi, akajitia kwenye protini nzima, laisozaimu, ile iliyomo kwenye machozi na ute wa yai, akahangaika nayo miaka na miaka Pasadena bila kufika mwisho. Waliofika ni kina David Phillips, London, mwaka 1965, na walifanyia kazi palepale Royal Institution ambapo Hofmann alisimama na mipira yake ya krokei mwaka 1865. Na misokoto ya alfa ilikuwemo ndani ya laisozaimu. Corey alifariki Aprili 1971.

MwalimuKemia_F3

Wakuu narudi na mrejesho, samahani nimechelewa tulikuwa na mitihani ya katikati ya muhula.

Nilianza na Corey na mkono wake kama dada Saumu alivyoomba. Darasa lilikuwa kimya. Kuna kijana mmoja darasani ana tatizo la mkono, huwa anauficha mfukoni, sikumtazama makusudi nisimtie aibu, lakini nilipogawa udongo nikaona ameutoa anafinyanga kama wenzake.

Tukafanya mipira bila vijiti. Udongo ukiwa bado mbichi tukakata ubavuni kwa uzi wa kushonea, uzi unakata vizuri kuliko kisu, haubonyezi. Tukabandika bapa kwa bapa kwa tone la maji. Maji ya kunywa yenyewe, oksijeni moja haidrojeni mbili, yalitoka kama kichwa chenye masikio mawili. Yule binti wa nyuma akaiweka karibu na ile ya zamani ya vijiti, akaangalia moja akaangalia nyingine, akasema "Kumbe kijiti kiko hapa ndani, zilipoingiliana." Sikuongeza neno.

Kisha nikajaribu msokoto wa alfa, hili halikuwemo kwenye muhtasari ila nilitaka wauone. Tulitafuta chupa ambayo mzunguko wake ni sentimita 18, tukachukua uzi tukafunga ushanga kila baada ya sentimita 5, maana 18 ukigawa kwa 5 unapata 3.6. Tukauzungusha kwenye chupa kuanzia chini, kijana mmoja anashika chupa, binti anazungusha, mwingine anahesabu kwa sauti. Ushanga wa tano ukakaa karibu juu ya wa kwanza, umesogea pembeni kidogo tu, nikawaambia hapo ndo oksijeni ya wa kwanza inaposhikana na haidrojeni ya wa tano. Wakaendelea. Mizunguko mitano ilipotimia ushanga wa 19 ukasimama juu ya wa kwanza, mstari mmoja, umenyooka kabisa, darasa zima likapiga kelele mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia.

Jina la Branson liko ubaoni, sijalifuta. Chupa iko juu ya kabati la maabara. Fundi, nimekutumia ujumbe kuhusu ile mninga.

FundiKereza

Nimeuona mwalimu. Kaboni nne za kwanza zipo tayari, nasubiri rangi nyeusi ikauke.